Ukienda Kubembea Wikendi Usirudi na Picha Zile Zile: Mwongozo wa Kupiga Picha Kali kwa Simu Yako

Cheki statasi za wasee Jumatatu asubuhi baada ya wikendi ndefu. Utaona mtu amesimama mbele ya gurudumu kubwa na vidole viwili juu. Utaona mwingine ameshika kendi flosi karibu na shavu. Mtoi ako kwa trampolini lakini uso umetoka ukungu mtupu. Badilisha majina na hujui ni ya nani.

Shida si simu. Hata ile ya elfu kumi na tano inaeza kukupea picha ya kutundika kwa ukuta wa keja. Shida ni kwamba mahali pa kubembea pametengenezwa ili kila mtu asimame pale pale na apige picha ile ile. Na kwa familia nyingi hii ni outing ya mara moja kwa mwaka, Desemba ama siku ya shoo ya ASK pale Jamhuri Park. Watoi wakikua, hizo picha ndizo zitabaki. Basi tuzichape vizuri. Hii ndio rada yote, kuanzia getini hadi kurudi home.

Kwanza jua unachezea wapi

Si kila mahali panabamba kwa picha za aina moja.

Two Rivers, pale Limuru Road, mol ilifunguliwa Februari 2017 na kile kinaonekana kutoka mbali ni lile gurudumu la mita 60. Hapo nguvu iko kwa urefu na taa za usiku. Kwa hesabu ya haraka, gurudumu la kwanza kabisa la aina hiyo, lenye George Ferris alijenga kwa maonyesho ya Chicago mwaka wa 1893, lilikuwa na kama mita 80. Kwa hivyo la kwetu si mchezo.

Wild Waters, kule Nyali Mombasa, ni maji na slaidi. Nguvu iko kwa matone, rangi na nyuso za watu wakishuka wakipiga nduru.

Shoo za ASK, Nairobi na pia Mombasa kule Mkomani, zinaleta bembea za kuhamahama: magari ya kugongana, merigoraundi, baunsi za hewa. Hapo kuna vumbi, jenereta, rangi zimechanika kidogo na umati wa watu. Wapiga picha wazuri wanapenda hapa kuliko mahali pasafi, ju kila kona ina stori.

Haller Park, Bamburi, si mahali pa bembea, ni machimbo ya simiti yaliyogeuzwa kuwa bustani ya wanyama. Lakini ina somo kubwa, tutarudi hapo.

Mwanga: saa sita si rafiki yako

Sisi tuko karibu na ikweta. Saa sita mchana jua linakaa juu ya kichwa, na hasa Machi na Septemba linasimama wima kabisa. Matokeo ni macho meusi kama ya panda, pua inang'aa na anga imekuwa nyeupe. Ukilazimika kupiga saa hizo, fanya hivi:

- Mtoe mtu kwa jua, muweke kwa kivuli cha hema ama cha tikitini, lakini aangalie upande wenye mwanga.
- Ama sahau uso kabisa. Piga vivuli. Jua la juu linachora minyororo ya bembea na vyuma vya gurudumu kwa simiti kama mchoro. Panda mahali pa juu, elekeza simu chini, ngoja mtoi mmoja apite katikati ya hicho kivuli.

Saa poa ni kuanzia saa kumi na nusu. Nairobi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, kulingana na mwezi. Mombasa inatangulia kwa kama dakika kumi hivi. Likishazama, una kama dakika 20 tu anga ikiwa bluu nzito kabla giza liingie. Wenzetu wa Ulaya wakati wa kiangazi wanapata muda mrefu, sisi hapana. Hizo dakika 20 ndizo dhahabu, ju taa za bembea zimewaka na anga bado ina rangi. Ukipiga baadaye, anga inakuwa nyeusi tii na gurudumu linakaa ni kama limebandikwa hapo na gundi.

Kwa hivyo panga siku kinyume na umati. Mbembee mapema, mkule saa kumi na moja, halafu mkae standby. Usikuwe kwa laini ya chipo wakati anga inageuka bluu.

Spidi ndio siri ya bembea

Kila kitu pale kinasonga. Simu ikiamua yenyewe, mara nyingi inachagua katikati na unapata picha isiyo kali wala isiyo na mwendo. Ingia kwa kamera yako, tafuta mahali pameandikwa Pro. Samsung nyingi, Tecno na Infinix ziko nayo. Ile herufi S ndio spidi ya kufungua na kufunga jicho la kamera. Kariri hizi nne:

1. Kugandisha: 1/1000. Mtoi hewani juu ya trampolini, maji yakiruka mwisho wa slaidi, nywele za dem zimesimama kwa rola kosta. Inahitaji jua la kutosha.

2. Kufuata: 1/30. Simama kando ya magari ya kugongana ama merigoraundi. Chagua mtu mmoja, mfuate na simu ukizungusha kiuno, si mikono, na ubonyeze ukiendelea kuzunguka. Yeye anatoka msafi, nyuma inakuwa mistari ya rangi. Utakosa picha kumi upate moja. Hiyo ni kawaida, usikate tamaa.

3. Ukiwa ndani: 1/15. Kwa bembea za polepole kama vikombe vya kuzunguka, mpige rafiki amekaa mkabala nawe. Ju mnasonga pamoja, yeye anakaa mtulivu huku dunia yote nyuma ikizunguka kama uji kwa sufuria.

4. Usiku: sekunde 4 hadi 8. Hii ni ya gurudumu kubwa likiwa na taa. Weka ISO 100, taima ya sekunde mbili, na simu isiguswe hata kidogo. Taa zitachora duara nzima.

Huna tripodi? Mahali pengi hawataki uingie nayo hata hivyo. Beba nusu kilo ya maharagwe kwa soksi. Weka soksi juu ya ukuta ama benchi, zamisha simu ndani yake kidogo, na imeshikika kama jiwe. Ukirudi home unapika.

Wenye iPhone: washa Live, piga umeshika simu imara, kisha fungua picha uchague Long Exposure. Inafanya kazi karibu kama hiyo ya nne.

Kitu kingine chenye husumbua watu: mistari myeusi kwa picha chini ya taa za LED. Stima yetu ni ya 50 Hz na taa nyingi zinapepesa haraka kuliko macho yanaona. Weka spidi kwa 1/50 ama 1/100 na mara nyingi mistari inaisha.

Na fleshi? Zima. Kutoka mita tano mbele haifiki mahali, na ikifika inaua rangi zote za taa.

Sasa tuongee kuhusu kuwa tofauti

Kujua spidi kunakupea picha safi. Picha yenye mtu atasimama aangalie inataka jicho. Cheki wenye walitangulia.

Mwaka wa 1962 Diane Arbus wa Marekani alienda Disneyland. Hakupiga watoto wakicheka na Mickey. Alipiga lile kasri usiku, hakuna mtu anaonekana, taa na giza na maji mbele yake. Mahali pa furaha pakageuka kuwa kama ndoto yenye hujui kama ni nzuri ama mbaya. Funzo: jiulize hapa pakiwa tupu panakaa aje, na ubaki nyuma dakika kumi wakati watu wanaelekea getini.

Julai 1940, mpiga picha wa New York anayeitwa Weegee alipanda mahali pa juu pale Coney Island akapiga umati wa ufuoni, maelfu ya watu wamejazana wakiangalia kamera yake. Funzo: wakati mwingine umati wenyewe ndio picha. Badala ya kungoja watu watoke kwa fremu, panda juu uwajaze wote.

Martin Parr wa Uingereza naye, kati ya 1983 na 1985, alipiga familia za kawaida kule New Brighton zikila aiskrimu kati ya takataka, watoto wakilia, wazazi wamechoka, rangi zimekolea. Kitabu chake, The Last Resort, kikatoka 1986. Wengine walisema anawacheka maskini, wengine wakasema ndio ukweli. Hiyo ni swali utabeba nawe: unapiga na watu ama unawapiga watu? Kabla ubonyeze, jiulize kama ungependa mathee yako apigwe hivyo.

Na usidhani haya ni mambo ya wazungu tu. Miaka ya 90 pale Likoni Ferry, Mombasa, kulikuwa na wapiga picha wa vibanda wenye walikuwa na mapazia yamechorwa meli kubwa, ndege na majengo marefu, na maua ya plastiki kando. Unasimama mbele ya meli, unapigwa, unatuma picha kwa watu wa home. Kila mtu alijua ni pazia. Raha ilikuwa kwa kujua. Kasri la plastiki pale kwa bembea ni pazia tu la kisasa. Kwa hivyo usilifiche. Rudi hatua tano nyuma hadi tuone ubao unaoshikilia kasri, waya, jenereta, na binti wa mfalme wako wa miaka mitano amesimama hapo na taji la karatasi. Hiyo picha ina ucheshi na ina ukweli.

Turudi Haller Park sasa. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, mtoto wa kiboko aliokolewa karibu na Malindi na kupelekwa hapo. Akapewa jina Owen, akashikamana na kobe mkubwa mzee aliyeitwa Mzee. Picha zao zilizopigwa na mwanahabari Peter Greste zilizunguka dunia nzima. Hakuna bembea, hakuna fataki. Viumbe wawili tu wamelala pamoja. Funzo: tafuta nani anamshika nani. Mahali pa kelele, uhusiano ndio hukamata jicho.

Picha kumi za kutafuta

Ukikwama, tembea na hii orodha:

1. Rundo la viatu nje ya baunsi. Vidogo, vikubwa, kimoja kimepotea mwenzake.
2. Mtoi akipimwa urefu kwa ule ubao wa getini, amesimama kwa vidole ili afike.
3. Wazazi kwa ua wakiangalia. Nyuso zao zinabembea kuliko watoto.
4. Mikono ya jamaa anayeendesha bembea, kwa ile liva.
5. Miguu inaning'inia kutoka juu, umepiga kutoka chini kuelekea angani.
6. Dimbwi la maji baada ya mvua, na gurudumu limegeuka kichwa chini ndani yake. Shusha simu hadi lenzi iguse karibu na maji.
7. Buda amevaa suti ndani ya gari la kugongana.
8. Tiketi iliyokunjwa kwa kiganja kinachong'aa mafuta ya chipo.
9. Mtu mmoja peke yake kwa bembea ya watu wengi.
10. Mtoi amelala kwa mat wakati wa kurudi, kendi flosi imeganda kwa mdomo.

Namba kumi usikose. Siku yote inaishia hapo.

Mathee ako wapi kwa hizi picha?

Fungua albamu ya family yoyote ya Kenya uhesabu. Watoi wako. Buda yuko, hata kama amekunja uso. Mathee hayuko. Yeye ndiye alikuwa ameshika simu, ama mkoba, sweta nne na chupa ya maji. Miaka kumi baadaye mtu akitafuta picha ya mathee akicheka, anapata ile ya kitambulisho.

Kwa hivyo hii iwe sheria: kila bembea mbili, simu inabadilisha mikono. Mpe mtoi wa miaka saba apige. Picha zake zitatoka zimeinama, vichwa vimekatwa, lakini anaona kutoka chini, na kutoka chini mathee ni mrefu na anaangaliwa kwa mapenzi. Hakuna mpiga picha wa pesa anaweza kukupea hiyo angle. Na usimwambie mathee apange nguo ama asimame vizuri. Mpige akiwa ndani ya kikombe anazunguka, leso inapepea.

Kabla uposti: watoi wa wenyewe

Hapa usicheze. Tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Uso wa mtu ni data yake, na data ya mtoto inataka ruhusa ya mzazi ama mlezi. Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Wakati huo huo klabu moja ya Nairobi ikapigwa Sh1,850,000 kwa kuposti sura ya mteja bila idhini yake. Wewe si shule wala klabu, lakini ukianza kutumia picha kutangaza kazi yako, uko kwa njia hiyo hiyo.

Fanya hivi:

- Mtoi si wako? Mtafute mzazi, muonyeshe picha, muulize. Wengi watasema ndio na watataka umtumie. Akisema hapana, futa mbele yake bila mdomo.
- Unataka picha bila maneno mengi? Tumia vivuli, migongo, miguu, mikono. Angalia orodha yetu tena, nyingi hazina uso.
- Kwa slaidi za maji watu wako na nguo za kuogelea. Hapo piga watu wako tu. Mengine yote acha.
- Usiposti mkiwa bado hapo, na usiweke jina la shule ama mtaa wa mtoi. Posti mkishafika home.

Drone nayo si kitu ya kutoa kwa mkoba tu. Lazima isajiliwe na KCAA chini ya kanuni za 2020, na juu ya umati ndio mahali mbaya kabisa pa kujifunza kurusha. Ukiwa na kamera kubwa ama unapigia mteja, uliza getini kabla ulipe tiketi. Mahali pengi huwa na ada tofauti, na kufukuzwa ukiwa umeshalipa si poa.

Simu yako na shingo yako

Kwa bembea za kasi, simu inakaa mfukoni wenye zipu. Si kwa sababu ya simu tu. Simu ikikuponyoka kutoka mita kumi juu inaeza kumpasua mtu kichwa chini. Kwa zile za polepole, tumia kamba ya mkono. Jamaa wa bembea akisema weka simu, weka.

Kwa maji, nunua ule mfuko wa plastiki wa simu, lakini uujaribu kwanza home na tishu ndani, ndani ya karai, nusu saa. Tishu ikitoka kavu, enda nao. Kioo kikilowa hakisikii vidole, kwa hivyo piga ukitumia kitufe cha sauti. Na pangusa lenzi kila mara. Nusu ya picha za ukungu zinatokana na mafuta ya chipo kwa lenzi.

Chaji simu ijae, beba pawabenki, futa video za zamani usiku uliotangulia. Simu kujaa saa kumi na mbili na nusu jioni, gurudumu likiwa limewaka, ni uchungu wa kujitakia.

Mpe pia mwenye kamera kazi

Pale Uhuru Park na kwa ufuo wa Pirates Mombasa kuna wapiga picha wenye wameshikilia hiyo kazi hadi leo, na simu zetu zimewakula sana. Lipia moja. Kubaliana bei kabla apige, sema unataka ngapi, na ungoje ichapishwe. Atakupea kitu simu yako haikupei: nyote mko ndani, mathee pia, na iko kwa karatasi.

Na hata zako, usiziache zikae ndani ya simu hadi iibiwe ama idedi. Chagua tano tu: kufika, foleni, kelele, mikono, kulala. Peleka kwa studio ya mtaa zichapwe. Andika nyuma tarehe na nani alikuwa hapo, kwa biro. Miaka ishirini ikipita, mtoi ataigeuza asome.